Maua ya ndani: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nauza maua barazani kwangu, Tabata, na kabla ya kuyauza niliyaua mengi. Haya ni maswali ya wateja wanaokuja kununua, na ya wale wanaorudi wiki tatu baadaye na picha ya jani la njano kwenye simu. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, kwenye joto na maji ya chumvi. Neno "maua" nimelitumia kama tunavyolitumia mtaani: kila kilicho kwenye chungu ni ua, hata kisipochanua maisha yake yote.

Nina sebule tupu. Nianze na ua gani?

Anza na dirisha. Wengi huniletea picha ya sebule ya watu waliyoiona mtandaoni, monstera imejaa kona nzima, na swali langu la kwanza huwaudhi: "Dirisha lako likoje?" Madirisha yetu yana nondo, yana wavu wa mbu, yana pazia jepesi na pazia zito juu yake, na nje, hatua tatu tu, upo ukuta wa jirani. Mwanga unaofika nyuma ya sofa ni masalio. Wewe huoni hivyo kwa sababu macho yamezoea.

Pima hivi. Saa sita mchana, pazia likiwa kama linavyokaa siku zote, weka karatasi nyeupe pale unapotaka ua likae. Nyoosha kiganja juu yake, kama futi moja. Ukiona kivuli chenye vidole unavyoweza kuvihesabu, mwanga ni mwingi. Kivuli kikiwa kama doa la ukungu, mwanga ni wa kati, na maua mengi ya ndani yatakubali. Usipoona kivuli kabisa, tundika picha.

Kwa mwanga wa kati kushuka chini nawapa watu ZZ, sansevieria (ile ya majani yaliyosimama kama mapanga, wengine huiita ulimi wa mama mkwe) au maniplanti (money plant, ile inayotambaa na kuning'inia). Si kwamba nazipenda kuliko nyingine, ila ndizo zinazosamehe. Monstera kwao ni misitu ya Mexico na Amerika ya Kati, na huko hupanda miti. Ukiibana kwenye chumba chenye giza inarefuka shingo tu, na majani mapya yanatoka bila yale matundu uliyoyapenda.

Eti ZZ ni mmea wa kwetu?

Wa kwetu kabisa. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, na huota wenyewe kuanzia Kenya, kupitia Tanzania, hadi Afrika Kusini. Wazungu huuita johari ya Zanzibar. Wakulima wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990 ndipo ukawa ua la maofisini dunia nzima, na sasa unaturudia umevaa chungu cheupe na bei yake.

Haiko peke yake. Ule "mwanzi wa bahati" unaouzwa kwenye glasi ya maji kana kwamba umetoka China si mwanzi. Ni drasena, na asili yake ni Kameruni na majirani zake. Sansevieria ya kawaida ni ya Afrika Magharibi hadi Kongo. Na kuna drasena nyingine ambayo Wachagga wanaijua tangu zamani, isale: jani lake hupelekwa kuomba msamaha, na mmea wenyewe hupandwa mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani. Mteja wangu mmoja wa Marangu aliniona nimeliweka isale kwenye chungu cha kauri, nikalifunga utepe mwekundu. Akacheka mpaka akakaa chini. "Dada, nani amekukosea?"

Video zinasema niweke ua kwenye dirisha la kusini. Mbona kwangu kusini ni giza?

Kwa sababu video ilitengenezwa Ulaya au Marekani, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko jirani na ikweta. Kwa Dar es Salaam, kuanzia karibu katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana liko kusini kwetu. Miezi mingine liko kaskazini. Dirisha la kaskazini linalopata jua mwezi Juni, Desemba halilipati. Kwa hiyo ua lililostawi wakati wa kipupwe likiduwaa Januari, usitafute mchawi.

Kinachotuhusu zaidi ni mashariki na magharibi. Jua la asubuhi ni la upole, karibu kila ua hulipenda. Jua la saa tisa alasiri linalopita kwenye kioo cha magharibi hubabua. Jani hupata baka jeupe kama karatasi, na hapo halirudi kuwa kijani tena. Sogeza ua hatua mbili ndani au shusha pazia jepesi.

Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?

Nikikujibu "mara mbili" nitakuwa nimeliua ua lako kwa mdomo.

ZZ yangu ya kwanza nilimkabidhi binti anayenisaidia kazi za nyumbani. Binti mwenye bidii. Kila asubuhi akimaliza kudeki alilimwagilia kikombe kimoja, bila kukosa hata Jumapili. Baada ya mwezi na nusu shina moja likalala, kisha la pili. Nikadhani lina kiu, nikaongeza maji mimi mwenyewe. Nilipolipindua chungu nikakuta vile viazi vyake vya chini, maana ZZ huhifadhi maji kwenye viazi mfano wa magimbi madogo, vimelainika kama ndizi iliyopitiliza kuiva, na harufu ni ya mtaro. Ua lenye kiu na ua linalooza mizizi hufanana kwa juu, yote mawili hulegea. Binti hakuwa na kosa. Mimi ndiye sikumwambia.

Sasa tunatumia kidole. Kiingize kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Kukiwa na unyevu, liache. Kukiwa kukavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Maniplanti hutaka maji udongo wa juu ukishakauka. ZZ na sansevieria hungoja udongo wote ukauke; kwangu hiyo ni wiki mbili hadi tatu, na wakati wa masika hata mwezi. Ukishazoea hutahitaji kidole, utanyanyua chungu tu na uzito utakwambia.

Ncha za majani zinakauka kama zimechomwa na sigara. Ni ugonjwa?

Mara nyingi ni chumvi. Visima vingi vya Dar es Salaam maji yake ni ya chumvi, na wengi wetu hayo ndiyo yaliyo kwenye tangi. Maji hukauka, chumvi hubaki kwenye udongo, ikaongezeka kila unapomwagilia. Angalia ukingo wa chungu: ukiona unga mweupe umeganda, umepata jibu.

Kinga maji ya mvua kwenye ndoo na uyaweke ya maua. Yale yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi nayo hayana chumvi, mimi huyatumia. Kila baada ya miezi miwili mitatu peleka ua bafuni, limwagie maji mazuri mengi, yapite yaoshe udongo. Mvua za masika zikianza huwa natoa maua yote barazani usiku mmoja yakanyeshewe. Asubuhi utadhani yamenunuliwa jana. Nchani palipokwisha kauka hapaponi, kata kwa mkasi ukipenda.

Kama maji yako ni ya mvua tupu na bado ncha zinakauka, tazama kiyoyozi au feni inapuliza wapi.

Siwezi kuchota udongo wa nyuma ya nyumba?

Peke yake haufai. Ukiwa kwenye chungu hushikana kama tofali na maji yanabaki yakielea juu. Mimi nachanganya sehemu mbili za udongo tifutifu, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa, na sehemu moja ya makumbi ya nazi. Makumbi nayakatakata, nayaloweka siku mbili na kuyasuuza, kwa sababu nayo hubeba chumvi. Asiye na makumbi atumie pumba za mpunga. ZZ na sansevieria naziongezea mchanga mnene wa ujenzi. Mchanga wa ufukweni usiuguse. Samadi mbichi pia iache, huunguza mizizi, na sebule itanuka zizi.

Chungu lazima kiwe na tundu. Ndoo ya rangi au dumu lililokatwa litatobolewa kwa msumari uliochomwa moto, matundu matano sita. Kokoto chini ya chungu kisicho na tundu hazisaidii: maji hukaa palepale, mizizi ikayafuata. Ukipenda chungu kizuri kisichotobolewa, liache ua kwenye kopo lake la plastiki lenye matundu na ulitumbukize humo, ulitoe ukitaka kumwagilia.

Ni kweli maua husafisha hewa ya ndani?

Wauzaji tungependa iwe kweli. Mwaka 1989 NASA ilitoa ripoti ya Bill Wolverton na wenzake iliyoonyesha kwamba mimea iliyofungiwa ndani ya visanduku visivyopitisha hewa ilipunguza kemikali kama benzini na fomaldehidi. Nyumba si kisanduku. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walikusanya tafiti za namna hiyo na kupiga hesabu: ili maua yaifikie kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka yenyewe, ungehitaji kati ya maua 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Sebule yangu ina mita kama 20. Ningekaa wapi? Fungua dirisha. Ua linunue kwa sababu linakupendeza.

Na kulala nalo chumbani? Tumeambiwa hutuibia oksijeni.

Usiku mimea hupumua kama sisi, kweli, lakini kiasi inachovuta ni kidogo mno ukilinganisha na cha mtu mmoja anayekoroma pembeni yako. Kama hujamfukuza huyo, ua liache.

Maua hayaleti mbu?

Ua lenyewe haliwaleti. Maji yaliyotuama ndiyo yanayowaleta. Hili nalisisitiza kwa sababu Dar es Salaam tumeshapitia milipuko ya dengi, 2014 na 2019, na mbu wake, Aedes, hupenda hasa maji kidogo yaliyo safi karibu na watu: kisahani cha chungu, chupa ya maniplanti, chombo cha maua ya harusi kilichosahaulika kabatini. Kwa joto letu yai linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku saba hadi kumi. Kwa hiyo maji ya chupa na ya chombo cha maua badilisha mara moja au mbili kwa wiki, visahani vimwagwe. Na chombo kisuguliwe kwa brashi, kusuuza hakutoshi: mayai hunata kwenye ukuta wa chombo na huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji.

Mama mkwe anasema tunakaribisha nyoka.

Mwamkie, mkaribishe chai, kisha mwonyeshe kwamba nyoka hufuata panya, vyura na mahali pa kujificha. Chungu juu ya stuli hakimpi chochote. Ila ana hoja kuhusu ule msitu wa sansevieria uliosongamana mlangoni pamoja na matofali na magunia, huo upunguze.

Nina mtoto anayetambaa na paka. Lipi ni la hatari?

La kuogopa zaidi kati ya yanayouzwa sana ni difenbakia, lile la majani mapana yenye madoa ya krimu. Lina vijisindano vidogo sana vya kalsiamu oksaleti. Mtoto akitafuna jani, mdomo na ulimi huwaka na kuvimba. Maniplanti, monstera, ZZ na pisi lili nazo zina vijisindano hivyohivyo. Haina maana usiwe nazo. Maniplanti itundike kwenye nondo za dirisha, difenbakia mpelekee rafiki asiye na mtoto. Minyaa na ndugu zake wenye utomvu mweupe usiwaingize ndani kabisa. Utomvu ule ukiingia jichoni ni balaa.

Mtoto akishatafuna: toa mabaki, futa na kusuuza mdomo, mpe maji baridi au maziwa kidogo, usimtapishe. Akivimba, au akishindwa kumeza au kupumua vizuri, nenda hospitali mara moja na jani mkononi ili waone ni lipi.

Ninayo mengi lakini sebule inaonekana kama kitalu.

Hapa ndipo ninapofurahia kazi hii. Nilikwenda kwa mteja mmoja Kimara. Makopo kumi na mawili ya ukubwa mmoja, yamejipanga mstari chini ya dirisha kama wanafunzi wanaosubiri uji. Kila ua peke yake lilikuwa zuri. Tuliondoa saba tukayapeleka barazani. Sansevieria ndefu tukaisimamisha peke yake kati ya kabati na mlango, mahali palipokuwa hapana kitu, na ule ukuta wa krimu nyuma yake ukawa kama fremu. Matatu tukayakusanya pamoja: moja sakafuni, moja kwenye kigoda, na la tatu, maniplanti, juu ya mbuzi ya nazi ya bibi yake iliyokwisha kung'oka meno, mashina yakining'inia mpaka chini. Mbuzi ile ilikuwa stoo miaka. Wageni wote huiulizia hiyo kabla ya maua. La mwisho likaenda juu ya friji, likafa, maana hapakuwa na mwanga, nikakubali lawama.

Makopo ya plastiki yavishe vikapu vya ukindu, na ndani weka sahani ya kukinga maji, la sivyo kikapu huota ukungu. Vyungu vya udongo vya kupikia navipenda pia, ingawa udongo ndani yake hukauka haraka. Vyombo vikifanana rangi au asili, maua yanaweza kutofautiana yanavyotaka. Vigae vyeupe vinavyong'aa vinahitaji jani pana na la kijani kizito. Majani madogomadogo yanapotelea humo.

Nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe zilipanga hivi kwa akili. Vidaka vya ukutani, ndani penye kivuli, vilishika sahani na vyombo vya kauri. Kijani kilikaa pale katikati palipo wazi, ambapo jua hushuka. Ukiwa na dirisha la jua au kibaraza kidogo, panda mrehani au asumini chunguni. Harufu ya asumini jioni, upepo ukiipeleka ndani, ni pambo pia, na utapata ya kutunga kikuba.

Majani yafute vumbi kwa kitambaa kibichi. Usiyapake mafuta ya nazi yang'ae. Yanaziba matundu ya kupumulia na kukamata vumbi maradufu.

Nataka linalochanua kweli.

Ukiwa Lushoto, Arusha au Nairobi, chukua urujuani wa Usambara (African violet). Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alimpelekea baba yake mbegu Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa ua jina Saintpaulia ionantha. Leo liko kwenye vizingiti vya madirisha ya mabibi wa Ulaya nzima, na Wajerumani bado huliita kwa jina la milima yetu. Kwao ni miamba yenye unyevu na kivuli, kwa hiyo lipe mwanga wa upole na maji kwa chini, usiyalowanishe majani. Dar es Salaam joto hulishinda. Nimejaribu mara tatu na nimeacha. Huku pwani chukua pisi lili au anthuri.

Nawezaje kuzalisha yangu bila kununua?

Nitapoteza mteja, lakini haya. Maniplanti ikate chini kidogo ya kifundo, palipo na kijizizi kidogo cha kahawia, uitie kwenye maji, majani yasizame. Mizizi ikifika urefu wa kidole, panda. Sansevieria unaweza kukata jani vipande na kuvichomeka mchangani, upande uleule uliokuwa chini ubaki chini. Ila ile yenye mstari wa njano pembeni, ukiizalisha kwa jani watoto hutoka kijani kitupu. Kutunza mstari, gawa shina pamoja na mizizi yake. ZZ huota hata kwa jani dogo moja, kwa wenye subira ya miezi mingi.

Kuna vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani.

Vidung'ata. Litenge ua hilo leo. Vifute kwa pamba yenye spiriti, kisha nyunyiza maji lita moja yenye kijiko kidogo cha sabuni ya maji, chini ya majani hasa, na urudie kila wiki kwa wiki tatu au nne. Mafuta ya mwarobaini ndani ya mchanganyiko huo husaidia. Jaribu kwanza kwenye jani moja. Na ua lolote jipya, hata ulilonunua kwangu, likae mbali na mengine wiki mbili.

Maua ya plastiki si nafuu zaidi?

Kwa kona isiyo na kivuli cha kiganja, ndiyo. Ila yaoshe vumbi.

Desemba tunakwenda kijijini wiki tatu. Itakuwaje?

Siku ya kuondoka mwagilia vizuri, mwaga visahani, yasogeze maua yote mbali na dirisha la jua na uyakusanye pamoja yakae karibukaribu. Ya chupani yapande kabisa, wiki tatu ni nyingi kwa mbu. ZZ na sansevieria hazitajua kama mlisafiri. Maniplanti italegea, itaamka jioni ya siku mtakayorudi. Kama kuna jirani atakayeingia, mwoneshe mwenyewe lipi na kiasi gani, umpimie kikombe. Ufunguo mwachie, ndoo ifungie stoo.